Tathmini ya LibreELEC: Sauti ya Mzunguko Kutoka kwenye Kompyuta ya Linux Hadi Spika ya Mwisho

LibreELEC ni mfumo endeshi mdogo wa Linux uliotengenezwa kwa kazi moja tu, nayo ni kuendesha Kodi, programu ya kuchezesha filamu na muziki, kwenye kompyuta iliyounganishwa na televisheni. Ulianza mwaka 2016, pale baadhi ya watengenezaji wa OpenELEC, mfumo wa aina hiyohiyo, walipojitenga na kuanzisha mradi wao, ilhali Kodi yenyewe ni ya zamani zaidi, kwa kuwa ilizaliwa kama programu ya mashine ya michezo ya Xbox kabla ya kupewa jina lake la sasa mwaka 2014. Sifa zake za wepesi na mwonekano zimekwisha kuelezwa na wengi. Mimi naupima kwa jambo moja: je, sauti ya chaneli sita au nane iliyomo ndani ya filamu inafika kwenye risiva, yaani kifaa kinachopokea sauti na kuendesha spika, ikiwa kamili, na isipofika, mwenye mashine anawezaje kujua imepotelea wapi? Kwa swali la kwanza naupa alama za juu kabisa. Kwa swali la pili nina manung'uniko, kwa sababu zana za uchunguzi zimo zote lakini zimefichwa mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki.

Ubora wake unatokana na ufupi wa njia. Kwenye Linux ya kawaida yenye madirisha, sauti ya kila programu hupitia kwanza kwenye seva ya sauti, zamani PulseAudio na siku hizi PipeWire, ambayo Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliifanya kuwa chaguo lake la msingi tangu toleo la 34 la mwaka 2021. Seva hiyo inafanya kazi ya maana, kwa kuwa inachanganya sauti ya kivinjari, ya simu za video na ya muziki zitoke kwa pamoja, lakini ili ichanganye ni lazima kila kitu kiwe PCM, yaani sauti iliyokwisha kubanuliwa, na mara nyingi hubadilisha pia idadi ya sampuli na kiwango cha sauti. Katika LibreELEC, Kodi huzungumza moja kwa moja na ALSA, ambayo ni sehemu ya kiini cha Linux, na huitwaa kadi ya sauti peke yake wakati filamu inachezwa. Kwa hiyo hitilafu inapotokea, mahali pa kutafuta ni pachache: faili la filamu, mipangilio ya Kodi, draiva, waya, au kifaa cha upande wa pili.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, inafaa kuelewa kwamba sauti ya mzunguko husafiri kwa namna mbili zilizo tofauti kabisa, na makosa mengi hutokana na kuzichanganya. Namna ya kwanza ni kompyuta kuibanua sauti yenyewe na kutuma chaneli zote zikiwa PCM. Namna ya pili ni kuipitisha sauti ikiwa bado imebanwa, kama ilivyo kwenye faili, ili risiva ndiyo iibanue. HDMI inaweza zote mbili, kwa kuwa tangu mwanzo wake ilibeba hadi chaneli nane za PCM, na kuanzia toleo la 1.3 la mwaka 2006 ikaweza pia kubeba fomati za sauti za Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio zikiwa zimebanwa. S/PDIF, njia ya kusafirisha sauti ya kidijitali bila picha, iwe kwa waya wa mwanga au wa koaksia, inabeba chaneli mbili tu za PCM. Ukitaka chaneli sita kupitia S/PDIF, huna budi kuzipitisha zikiwa zimebanwa kwa Dolby Digital au DTS, na Dolby Digital yenyewe haizidi kilobiti 640 kwa sekunde. Mtu anayechagua chaneli 5.1 kwenye menyu ilhali waya wake ni wa mwanga anaomba kitu ambacho waya huo hauwezi kukipa.

Hapa ndipo Kodi inaponivutia, na pia inaponikera. Menyu ya sauti ina kipengele cha idadi ya chaneli, na jina hilo linamfanya kila mwenye spika tano na sabufa achague 5.1 bila kusita. Kumbe kipengele hicho kinahusu PCM pekee. Mwenye waya wa mwanga anapaswa kukiacha kwenye 2.0, kisha aruhusu kupitisha sauti, achague kifaa cha kupitishia, na aweke alama kwenye fomati ambazo risiva yake inazijua. Akishafanya hivyo ataona chaguo la kubana upya kwa Dolby Digital, ambalo kwangu ndilo hazina ya programu hii. Sauti ya AAC, FLAC au Opus yenye chaneli sita haiwezi kupitishwa kama ilivyo kwa risiva ya kawaida, na kwenye waya wa mwanga ingeshuka hadi stereo, lakini Kodi huibanua, huibana tena kuwa Dolby Digital papo hapo, na kuituma. Dolby Digital Plus, ambayo S/PDIF haiwezi kuibeba, nayo huokolewa kwa njia hiyohiyo. Kwa DTS-HD hakuna haja ya kubana upya, kwa sababu ndani yake mna kiini cha DTS ya kawaida ambacho hutolewa na kupitishwa peke yake. Kazi hii yote hufanyika bila mtumiaji kuandika amri hata moja, jambo ambalo kwenye Linux ya kawaida linahitaji kusakinisha kiongezo cha ALSA kiitwacho a52 na kuhariri faili la mipangilio kwa mkono.

Manung'uniko yangu ni kwamba mambo mawili yanaweza kuzima upitishaji wa sauti bila onyo lolote kuonekana kwenye skrini. La kwanza ni mpangilio wa kulinganisha uchezaji na mwendo wa skrini, ambao uko kwenye menyu ya video, si ya sauti. Ukiuwasha, Kodi inahitaji kurekebisha kasi ya sauti kidogo ili iende sambamba na picha, na sauti iliyobanwa haiwezi kurekebishwa, kwa hiyo upitishaji unaachwa. La pili ni matangazo ya moja kwa moja ya televisheni, ambayo Kodi huyachukulia vivyo hivyo. Maamuzi yote mawili yana sababu nzuri za kiufundi, na sina ugomvi nayo. Ninachokidai ni sentensi moja chini ya kipengele hicho, ili mtu asihangaike kubadilisha waya wakati tatizo liko kwenye menyu ya video.

Kwa bahati njema, ukweli unaweza kuonekana ukijua pa kuangalia. Filamu ikiwa inachezwa, bonyeza herufi O kwenye kibodi, na Kodi itaonyesha maelezo ya uchezaji, pamoja na jina la kibanuzi cha sauti. Jina hilo likianza na PT, sauti inapitishwa ikiwa imebanwa, na usipoliona hilo, kompyuta ndiyo inayoibanua. Linganisha na maandishi yaliyo usoni mwa risiva. Kodi ikionyesha kwamba inapitisha Dolby Digital huku risiva ikionyesha PCM, kuna kitu katikati kilichoigeuza sauti, na mara nyingi kitu hicho ni televisheni.

Televisheni inastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa sababu inalaumiwa mara chache kuliko inavyostahili. Kompyuta inapounganishwa kwa HDMI, kifaa kilicho upande wa pili hujieleza: jina lake, picha kinazoziweza na sauti kinazozikubali. Sehemu ya sauti ya maelezo hayo huitwa ELD, na draiva za sauti za HDMI za Intel na AMD huiweka mahali inapoweza kusomwa. Washa SSH, njia ya kuandika amri kutoka mbali, kwenye mipangilio ya LibreELEC, ingia kutoka kompyuta nyingine, kisha soma faili la /proc/asound/card0/eld#0.0, ukibadilisha namba ya kadi na ya tundu kulingana na mashine yako. Mstari wa eld_valid ukiwa na 0, draiva haijapata maelezo yoyote. Ukiwa na 1, tazama mistari inayofuata: kila fomati inayokubaliwa ina mstari wake wa aina, na chini yake mstari wa idadi ya chaneli. Nimewahi kukuta LPCM, yaani PCM, peke yake, na chini yake sad0_channels 2, ilhali nyuma ya televisheni kulikuwa na risiva yenye uwezo wa chaneli nane. Televisheni ilikuwa imejieleza yenyewe badala ya risiva, na kompyuta ikatii.

Tiba bora ni kuunganisha kompyuta kwenye risiva kwanza, kisha risiva kwenye televisheni. Pale ambapo haiwezekani, na sauti inabidi irudi kutoka kwenye televisheni kwa njia ya ARC iliyoletwa na HDMI 1.4, tarajia Dolby Digital kufika, DTS kutegemea uamuzi wa mtengenezaji wa televisheni, na TrueHD kutofika kabisa, kwa kuwa hiyo inahitaji eARC, yaani ARC iliyoboreshwa, iliyokuja na HDMI 2.1. Upo pia ugonjwa mdogo wa mpangilio wa kuwasha vifaa: kompyuta ikiamka kabla ya risiva, inaweza kusoma maelezo yasiyo kamili na kubaki nayo. LibreELEC imeandaa dawa mahsusi, nayo ni amri ya getedid create, ambayo huhifadhi maelezo ya kifaa wakati kila kitu kimewashwa ili yatumike baadaye hata risiva ikiwa imezimwa. Sijaona utunzaji wa namna hii katika mifumo mingi ya Linux inayojiita ya sinema ya nyumbani.

Kuna hitilafu moja ambayo haipaswi kuchezewa, nayo ni mngurumo mkali unaotoka kwenye spika zote mahali pa sauti ya filamu. Maana yake ni kwamba risiva imepokea data iliyobanwa na kudhani ni PCM. Ndani ya mkondo wa S/PDIF na HDMI mna alama inayosema kama kilichomo ni sauti tupu au data, na kwenye ALSA alama hiyo huwekwa kwa kigezo cha AES0. Kodi huiweka yenyewe inapotumia kifaa cha hdmi au iec958 (jina la S/PDIF ndani ya ALSA), kwa hiyo chagua vifaa vyenye majina hayo kwenye orodha ya kupitishia. Ukikutana na mngurumo huo, punguza sauti ya risiva kwanza, kwa sababu kupunguza sauti ya Kodi hakusaidii kitu: sauti inayopitishwa ikiwa imebanwa haiguswi na kidhibiti cha programu.

Kukatika kwa neno la kwanza la mazungumzo baada ya ukimya ni tatizo dogo lenye suluhisho rahisi. Risiva huchukua muda kutambua mkondo mpya, na draiva ya snd_hda_intel nayo inaweza kuizimisha kadi ya sauti ili kuokoa umeme. Kodi ina kipengele cha kuacha kifaa cha sauti kikiwa hai, na hicho huwa kinatosha, lakini kisipotosha weka power_save=0 kwa draiva hiyo.

Nikiilinganisha na Linux kamili yenye PipeWire na kichezeshi cha mpv, LibreELEC inashindwa katika jambo moja la haki, yaani kuwa mashine ya kazi nyingine. PipeWire ya sasa inaweza kupitisha sauti iliyobanwa, mradi utaje fomati za risiva yako kwenye programu ya kudhibiti sauti iitwayo pavucontrol, na mpv hupokea agizo la wazi la fomati za kupitisha kupitia audio-spdif. Huko pia utahitaji amri ya speaker-test ya ALSA, ambayo ukiipa chaneli sita na chaguo la -t wav hutaja jina la kila spika kwa zamu. Ukisikia jina la spika ya katikati likitoka nyuma, mpangilio wa chaneli umekosewa: ALSA kwa kawaida huweka spika za nyuma kabla ya ile ya katikati na sabufa, wakati HDMI huanza na sabufa na ya katikati kabla ya zile za nyuma. Katika LibreELEC sijapata sababu ya kushughulika na mpangilio huo.

Mwenye risiva ya zamani yenye tundu la waya wa mwanga pekee atanufaika kuliko wote, kwa kuwa kubana upya kwa Dolby Digital kunamrudishia spika zake zote kwa karibu kila faili alilonalo. Mwenye risiva ya HDMI atapata TrueHD na DTS-HD kama zilivyorekodiwa, mradi televisheni isikae katikati. Faili la kodi.log lililo kwenye /storage/.kodi/temp huorodhesha, kila mara Kodi inapoanza, vifaa vyote vya sauti pamoja na chaneli na fomati zake. Kama watengenezaji watakubali ombi langu moja, basi orodha hiyo ihamishiwe kwenye menyu ya sauti yenyewe, mahali ambapo mtumiaji anaiona bila SSH.