Nikon D3500 mkononi mwangu: kamera ya kwanza na lenzi niliyokosea

Nilipoamua kuacha kupiga picha kwa simu, wiki nzima nilisitasita baina ya kamera mbili za wanaoanza, Canon EOS 2000D na Nikon D3500, zote zilizotoka mwaka 2018 na zote zenye megapikseli 24 na ushei. Kwa picha zenyewe sikuona tofauti ya kuninyima usingizi. Kilichonivuta kwa Nikon ni wepesi wake na betri, ambayo watengenezaji huikadiria picha 1,550 kwa chaji moja, ilhali ile ya Canon hukadiriwa 500. Canon ina Wi-Fi. Nikon hutegemea Bluetooth peke yake, nayo huhamisha picha hadi kwenye simu kwa mwendo wa kobe.

Niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, pamoja na lenzi yake ya 18-55, yaani ya milimita 18 hadi 55, ya kupanua na kuvuta picha. Faida yake niliiona siku ya kwanza nilipoteremka Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, saa tano za mchana: kwa jua lile skrini ya simu huwa kama kigae cheusi, lakini kwa kuchungulia tunduni, kwenye kitundu cha kutazamia cha kamera, niliona kila ua la nakshi katika mlango niliokuwa nikiupiga.

Kosa langu lilikuwa lenzi ya pili. Nilipata 50mm f/1.8D ya zamani, lenzi isiyovuta wala kupanua picha, kwa bei ya chini, na mwuzaji akanihakikishia, “Ami, hii yashika bila wasiwasi.” Kushika ilishika, ila haikufokasi yenyewe hata mara moja, kwa sababu D3500 haina mota ya fokasi ndani ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi), na lenzi za aina hiyo huitegemea mota ya kamera. Anayenunua kamera hii atafute lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P, ambazo zina mota zao. Tena, kwa kuwa sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya 35mm, 50mm huona eneo jembamba kama la lenzi ya 75mm: katika vichochoro vya Mji wa Kale nilijibana mgongo ukutani na bado kizingiti cha juu kikabaki nje ya picha. Lau ningechagua lenzi kwanza, bodi baadaye, ningeokoa fedha.

Unyevu wa pwani nao si wa kupuuzwa, maana lenzi iliyofungiwa kabatini huota koga. Yangu hukaa katika chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Nikitoka katika chumba chenye kiyoyozi, huiacha mkobani nusu saa, la sivyo kioo chote hufunikwa na mvuke.

Ile 50mm sikuiuza. Jioni barazani humpiga picha nyanya yangu kwa kuizungusha pete ya lenzi kwa mkono, polepole, mpaka kitone cha kijani cha kuonyesha fokasi imekaa kiwake tunduni, naye kwa subira huniuliza, “Hujamaliza tu?”