Taa ya kukuonyesha meseji: bodi gani ununue ukiwa Tanga

Fundi cherehani wa Ngamiani akishakolea kazi, simu inayotetema mezani haisikii. Mama aliyelaza mtoto amezima mlio kwa makusudi. Kiziwi hata pakiwa kimya mlio haumsaidii. Wote hawa wanafaa kuwa na taa ndogo inayowaka kijani meseji ikiingia na nyekundu mtu akipiga, na taa hiyo unaweza kuiunda mwenyewe.

Mahitaji si mengi: bodi (kibao kidogo chenye chipu) ya kuendesha taa, taa zenyewe, chaja ya simu na kopo jeupe la kufunikia. Hela nyingi hupotea kwenye bodi, kwa sababu mtu hununua yenye jina kubwa kabla ya kujiuliza habari itatokaje kwenye simu hadi ifike kwenye taa. Nyumba nyingi hapa mjini hazina ruta; kuna simu na bando. Kwa hiyo nimezipanga bodi kwa kigezo hicho, wala si kwa nguvu zake.

Ya kwanza ni ESP32. Imetengenezwa na Espressif ya Shanghai tangu 2016, na ina waifai pamoja na Bluetooth. Hiyo Bluetooth ndiyo inayoipa nafasi ya juu: simu inaongea na taa moja kwa moja, bila ruta na bila kula bando. Kwa simu za Android ipo programu ya Chronos inayopeleka taarifa za simu kwenye bodi hii, na maktaba yake (msimbo ulioandikwa tayari) ya Arduino IDE, programu ya kompyuta ya kuandikia bodi maagizo, iko tayari. Kazi yako inabaki kuamua rangi gani iwake kwa jambo gani. Ila soma maandishi ya juu ya kile kibati cha bodi kabla ya kulipa. ESP32-S2 inafanana na wenzake lakini haina Bluetooth kabisa, na muuzaji asiyejua atakupa hiyo kwa moyo safi. ESP32 ya kawaida au ESP32-C3 zinafaa.

Ya pili ni D1 mini, yenye chipu ya ESP8266. Ni ndogo, bei yake ni nafuu, na kwa nyumba yenye ruta inatosha kabisa. Haina Bluetooth, na waifai yake inaona masafa ya GHz 2.4 tu. Ukitumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio uhakikishe haiko GHz 5, la sivyo bodi itatafuta mtandao hadi jioni. Upande wa simu, programu ya MacroDroid ya Android inaweza kutuma ombi kwa bodi kila taarifa inapoingia. Hasara ni kwamba hotspoti ikiwashwa kutwa inamaliza chaji. NodeMCU ina chipu hiyo hiyo. Ile pana inayoitwa V3 inafunika bredibodi (kibao chenye matundu ya kuunganishia waya bila kulehemu) nzima, hupati tundu la kuchomeka waya.

Ya tatu, Raspberry Pi Pico W ya 2022. Bodi nzuri, maelezo yake yameandikwa vizuri, na anayetaka kujifunza MicroPython, lugha ya kuandikia bodi maagizo, ataifurahia. Kwa taa hii haikupi kitu ambacho ESP32 haina.

Arduino Uno R3 naiweka ya nne, ingawa ndiyo inayojulikana zaidi mashuleni. Haina waifai wala Bluetooth. Utanunua kipande kingine cha kuongeza. Ya mwisho ni Raspberry Pi Zero 2 W. Hiyo ni kompyuta kamili inayotumia kadi ya kumbukumbu, na umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika. Kuwashia taa moja ni matumizi mabaya ya hela.

Sasa taa. Chukua duara la WS2812B lenye taa 8 au 12, kila moja inabadilika rangi peke yake na zote zinaendeshwa kwa waya mmoja wa data. Taa moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inakula hadi miliampea 60, kwa hiyo 12 zinafika 720. Chaja ya volti 5 yenye ampea 2 inatosha, lakini punguza mwanga hadi robo. Usiku hata robo ni kali. Umeme wa taa utoe kwenye pini ya volti 5, usitoe kwenye ile ya 3.3.

Kuna tatizo moja linalosumbua wengi. Taa ya volti 5 inataka ishara ya volti 3.5 hivi, na bodi hizi, ukiacha Uno, zinatoa 3.3. Mara nyingi inakubali waya ukiwa mfupi. Ikianza kuwaka ovyo, pitisha umeme wa taa kwenye dayodi ya 1N4007, ambayo fundi redio yeyote anayo. Itashusha volti hadi 4.3 hivi, na ishara itasomeka.

Ukipanga mimweko, isizidi mara tatu kwa sekunde. Mwako wa haraka unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu, na taa hii inakaa machoni kwa mtu siku nzima.

Bodi nyingi utaagiza Kariakoo zije kwa basi hadi stendi ya Kange, na kurudisha ni usumbufu. Kwa hiyo mwambie muuzaji akupigie picha pande zote mbili. Taka yenye pini zilizokwisha kuchomelewa kama huna pasi ya kulehemu, na agiza waya wa USB unaopitisha data. Nyaya nyingi za bei ndogo zinachaji tu, na bodi nzima itaonekana mbovu. Wanaokaa Raskazone na kando ya bahari, chumvi ya hewani hutafuna maungio: mkishajaribu na kuridhika, pakeni rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya sehemu zilizochomelewa, muiache ikauke, ndipo mfunike kopo.