Mashine ya mkono ya kusaga nyama, namba 10: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Hii si mashine ya mtu mvivu. Anayetaka kutumbukiza nyama na kubonyeza kitufe atafute ya umeme, kisha amwombe Mungu umeme uwepo saa anayouhitaji. Mimi nilichukua ya mkono kwa sababu hiyohiyo ya umeme, na kwa sababu nilichoka kula nyama ya kusaga nisiyoijua. Ukiuliza kwenye busheri imetoka sehemu gani ya ng'ombe, jibu ni moja: "Ni nyama, mama."

Yangu ni ya chuma kizito kilichopakwa bati, madini ambayo mji wa Manono, huku kwetu Kongo, ulisifika nayo kabla watu hawajaanza kuutaja kwa lithiamu tu. Namba 10 maana yake ile sahani ya matundu ina upana wa karibu sentimita 7. Kwa nyumba ya watu sita au saba inatosha. Namba 5 na 8 huchosha bure, kwa sababu lazima ukate vipande vidogo mno. Bei yake ilikuwa kama kilo nne za nyama tupu, nami naona ilisharudi.

Ilirudi kwa njia gani? Kwa shingo na mguu wa mbele. Sehemu hizo ni ngumu, zinauzwa nafuu kuliko file, ile nyama laini ya mgongoni, na zikisagwa zina ladha kuishinda file yenyewe. Kuipa mashine hii file ni kutupa pesa. Mbuzi pia siisagi. Mbuzi ni ya michopo, ya kuchoma, mfupa na mafuta yake, basi.

Kazi yenyewe, sehemu kubwa ni ya kisu, siyo ya kuzungusha mpini wa mashine. Kano na ule utando mweupe havisagiki, vinajizungusha kwenye kisu cha ndani mpaka nyama inaanza kutoka kwa kukamuliwa badala ya kukatwa. Lazima uvitoe kwanza, kwa kisu chembamba chenye makali kweli, ukipitisha ncha chini ya utando na kuuvuta kwa vidole. Na jambo la hapa kwetu: sokoni, mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi au kwingine, nyama nyingi inapasuliwa kwa shoka pamoja na mfupa, kwa hiyo vipande vidogo vya mfupa hubaki ndani. Kimoja tu kinatosha kung'oa makali ya kisu cha mashine. Ninapapasa kila kipande kwa mkono kabla hakijaingia.

Halafu baridi. Ng'ombe aliyechinjwa alfajiri, nyama yake asubuhi bado ina joto, na ya namna hiyo ikisagwa inatoka kama uji, mafuta yamejipaka kila mahali. Ilale kwenye frigo usiku mmoja. Kabla ya kusaga ninaiweka kwenye kongelateri, yaani friza, mpaka iwe ngumu kwa nje, pamoja na kisu, sahani na ile parafujo kubwa inayosukuma nyama. Mwezi wa saba, jikoni mwetu asubuhi kuna baridi ya kutosha, kazi inaenda vizuri. Mwezi wa kumi, joto likipanda kabla mvua hazijaanza, nasaga alfajiri au siisagi kabisa.

Kwenye kuifunga, watu wengi hukosea upande wa kisu. Upande bapa ndio unaogusa sahani. Ukikigeuza, utazungusha mpaka jasho likutoke na kitakachotoka ni maji mekundu. Mimi hupitisha nyama mara mbili, kwanza matundu makubwa, kisha madogo, nikitaka mabuleti, vile vidonge vya nyama, ya kula na bukari (ugali) na mchuzi wa nyanya. Chumvi naitia baada ya kusaga, naikanda kidogo mpaka nyama ianze kunata. Hapo haivunjiki kwenye mafuta.

Iive mpaka ndani, isibaki na wekundu. Kwenye kipande kizima vijidudu huwa zaidi kwa nje, na moto unavifikia. Ukishasaga umevichanganya mpaka katikati. Kuna minyoo ya tegu pia. Najua wapo wanaopenda ya kusaga mbichi kwa mtindo wa Kibelgiji. Mimi sitawaiga. Na haikai: ikisagwa leo, ipikwe leo au kesho, na umeme ukikatika muda mrefu, ipikwe saa hiyohiyo.

Kasoro zipo. Kibano cha kuifungia mezani kinateleza, nimekiwekea kipande cha mbao. Bati limeanza kutoka karibu na mdomo, na pale kutu inaingia usiku mmoja tu ukiiacha na maji. Mwishoni ninapitisha kipande cha mkate kusukuma mabaki, naiosha kwa maji ya moto na sabuni, naikausha karibu na mbabula, jiko la makaa, kisha naipaka mafuta ya kupikia. Siku ya sherehe, watu wakiwa wengi, mkono unauma kwelikweli. Hapo azima namba 22 kwa mtu.

Ukienda kununua, usilipe kabla ya kuweka kisu cha akiba kwenye mashine na kukizungusha hapohapo dukani. Baadhi vimeandikwa 10 lakini tundu la mraba katikati haliingii.