Kola ya ngombe yenye haiitaji kuchajiwa, njo nayo miezi ine sasa

Niko Goma lakini bangombe zangu ziko Masisi, kupanda kila wiki ni franka nyingi na barabara tunaijua. Njo nilinunua hii kola, mukanda wa shingo wenye kunionyesha ngombe iko fasi gani, nikaivalisha Bihogo juu yeye njo anatangulia wengine. Ndani kuko kichuma kinayumba kama ile ya saa ya mkono ya otomatiki, ngombe akitembea kinazungusha sumaku, kinatoa umeme kidogo unawekwa, ukifika unatosha kola inatafuta satelaiti halafu inatuma fasi ako kwa simu yangu. Hakuna kuchaji, hakuna kubadilisha batri, na kwa sisi wenye umeme unakatika kila saa hiyo peke yake ni neema.

Si ngombe tu, mu 2023 wataalamu wa Denmark walionyesha ya kwao, waliijaribisha kwa mbwa, farasi mudogo na ngombe wa pori wa Ulaya.

Sasa ubaya. Bihogo alilala siku mbili juu ya mguu, kola ikanyamaza kabisa, na mimi nilishinda na roho juu mpaka mchungaji akanipigia. Akilala haina cha kula, ile. Na mu mabonde kwenye rezo haifiki haitume kitu.

Mukanda pia ulimukwangua shingoni, manyoya yakatoka, tukaweka kipande cha kitambaa chini, kikapona. Mwezi ujao ninaongeza ya pili, ya yule dume.