Uzoefu wangu na mtambo wa kupikia wiski nyumbani: chungu cha lita 25, kofia ya shaba

Nianze na sheria, maana najua hilo ndilo swali la kwanza. Naishi Christchurch, New Zealand. Hapa, tangu 1996, mtu anaruhusiwa kupika pombe kali nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Kuuza, hata chupa moja, bila leseni ni kosa. Kwetu Tanzania ni habari nyingine kabisa: gongo imepigwa marufuku na anayekutwa na mtambo anafikishwa mahakamani. Uingereza nako hupiki bila leseni. Kwa hiyo naandika nikiwa mahali panaporuhusiwa, na aliyeko kwingine asome kwa kujua tu.

Mtambo niliununua mwaka jana mwezi wa tatu kwa dola 680 za huku. Unakuja na chungu cha lita 25 cha chuma kisichoshika kutu chenye hita ya wati 2,000 kwenye kitako, kofia ya shaba nyekundu iliyotuna kama kibuyu, na bomba la kutoa mvuke ambalo mwisho wake unazungukwa na maji ya bomba ili mvuke upoe na kurudi kuwa kimiminika. Nimeupikia mara ishirini na kitu sasa. Naupa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoinyima ina sababu mbili.

Ya kwanza ni mpira. Kati ya chungu na kofia kuna mpira wa kuziba mvuke. Kabla ya kupika pombe yoyote ya kunywa unausafisha mtambo kwa kuchemsha maji na siki, halafu unapika pombe ya kumwaga. Nilifanya hivyo. Yale maji yaliyodondoka upande wa pili yalinuka kandambili mpya. Nikarudia, yakanuka vilevile. Nikawaandikia walioniuzia, wakajibu kwamba mpira ni wa kiwango cha chakula na harufu itaisha yenyewe. Baada ya mara ya nne haikuwa imeisha. Mvuke wa pombe si kama mvuke wa maji, unayeyusha vitu ambavyo maji huviacha salama, na mimi sikuwa tayari kunywa nisichokijua.

Nikaung'oa ule mpira. Wareno wenye mitambo ya shaba ya kugonga kwa nyundo huziba viungo kwa donge la unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, na maji, nami nikafanya hivyo. Unakanda mpaka liwe laini kama la chapati, unalizungushia kwenye kiungo, na joto linapopanda linakauka na kuwa gumu kama mkate wa jana. Halivuji. Ukimaliza unaligonga kwa kijiko linapukutika. Na lina faida nyingine ambayo mpira uliobanwa kwa skrubu hauna: bomba likiziba kwa bahati mbaya, donge ndilo linaloachia kwanza kabla chungu hakijafikia kupasuka. Tangu siku hiyo sijatumia mpira tena.

Sababu ya pili ni hita. Ina hali mbili tu, kuwaka na kuzima. Kwa kuchemsha maji sawa, lakini pombe ya shayiri ina mashapo, na wati 2,000 zikisukuma mfululizo mashapo yanagandia kwenye kitako na kuungua. Mara ya kwanza sikujua. Lita zote 22 zilitoka na ladha ya uji ulioshika sufuria, na ladha hiyo haiondoki hata ukipika tena. Ilibidi ninunue kidhibiti cha umeme kando, dola 60, ili nipunguze moto pombe inapoanza kutoka. Kifaa hicho kilipaswa kuwemo ndani ya boksi.

Sasa mazuri, na mazuri ni mengi. Ile kofia ya shaba inastahili kila senti. Chachu inapofanya kazi hutoa vitu vya salfa vyenye harufu ya kabichi iliyochemshwa au yai lililooza, na shaba huvishika vile vitu mvuke unapoigusa. Niliwahi kuonja pombe ya rafiki yangu aliyepika shayiri ileile kwa mtambo wa chuma kitupu. Ilikuwa kali na safi lakini kwa nyuma kulikuwa na kabichi. Ya kwangu haina. Ila shaba inataka utunzaji: ukiiacha na unyevu inaota ile kutu ya kijani ambayo ni sumu, kwa hiyo kila nikimaliza naiosha kwa maji ya ndimu ya unga, nasuuza, naikausha kwa kitambaa.

Lakini niseme jambo ambalo sikuambiwa dukani. Mtambo hauongezi kitu kwenye pombe. Unachuja kile ulichopeleka. Kazi yenyewe iko kwenye kimea na kwenye uchachushaji, na hapo mimi nilikuwa na mwalimu.

Shangazi yangu yuko Kibosho, Kilimanjaro, amepika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, maisha yake yote. Nimekua nikimwona akiloweka ulezi, akiuotesha, akiuanika, akiusaga, halafu uji wake akiuchanganya na ndizi zilizokwisha kuchacha. Kimea cha shayiri kinafuata njia ileile: punde shayiri inapoanza kuchipua inakaushwa, na ndani yake kuna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Nanunua cha Gladfield, kinatengenezwa Dunsandel, si mbali na hapa. Kilo 6 kilichoparazwa, kwenye maji ya moto mpaka mchanganyiko utulie kwenye nyuzi 65, nafunika kwa blanketi dakika 90. Kisha natia tone la iodini kwenye kijiko cha uji wake. Likigeuka bluu-nyeusi, wanga bado upo na nasubiri. Likibaki kahawia, nachuja, na machicha nampa jirani mwenye kuku.

Mwezi wa sita huku ni katikati ya baridi. Nilitia chachu haidromita, kipimo kinachoshuka kadiri sukari inavyogeuka kilevi, ikisoma 1.062, ikachemka vizuri siku mbili, halafu ikasimama kwenye 1.022 na haikusogea siku tatu. Nikampigia shangazi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba baba. Mbona sauti hiyo?”

“Pombe imegoma kuiva.”

“Umeiweka wapi?”

“Gereji.”

“Kuna baridi?”

“Nyuzi kumi, shangazi, usiku inashuka zaidi.”

“Iingize ndani mnakolala, baba. Pombe inataka joto la watu.”

Nikaibeba sebuleni, nikaifunga blanketi la mtoto. Asubuhi ya pili niliinama juu ya kifuniko nikasikia ile sauti ndogo ya mapovu yakipasuka, kama mvua ya manyunyu kwenye jani la mgomba. Baada ya siku nne ilikuwa imefika 1.006, sawa na kilevi cha asilimia 7 na kidogo. Sijawahi tena kuchachusha gereji kabla ya mwezi wa kumi.

Kupika ni mara mbili. Kwanza napika lita 22 kwa haraka bila kuchagua, napata kama lita 5 na kidogo zenye asilimia 28 hivi. Nikifanya hivyo kwa mapipa matatu nakuwa na lita 16, na hizo ndizo narudisha chunguni kwa mpiko wa pili, wa polepole. Huu hufanyi ukiwa na usingizi wala ukiwa umeonja. Milango wazi, hakuna moto wa aina yoyote karibu, chombo cha kuzimia moto pembeni, na sitoki hata kwenda kupokea simu. Mvuke wa pombe ukivuja ukakutana na cheche unalipuka.

Matone ya kwanza yanakuja saa moja baadaye. Mililita 200 za mwanzo namwaga, sizijadili. Zinanuka ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, inapiga puani mpaka macho yanalegea. Zinazofuata napokea kwenye chupa za jamu zenye namba, robo lita kila moja, chupa ishirini, nazifunika kitambaa mpaka kesho. Hapo ndipo unachagua kichwa (chupa za mwanzo), moyo (za katikati, ndizo za kunywa) na mkia (za mwisho). Nachukua tone kutoka kila chupa, nalizimua kwa maji, nanusa, naonja. Katika mpiko mmoja chupa 1 hadi 3 zilikuwa bado na ukali wa kemikali. Kuanzia ya 4 ukali ule uliondoka ghafla ikaja harufu ya mkate unaotoka jikoni, asali, peasi. Ya 15 ikaanza kunuka boksi lililolowana. Moyo wangu ulikuwa 4 hadi 14. Zilizobaki sitapanyi, zinarudi chunguni mpiko unaofuata.

Hapa lazima niseme kuhusu methanoli, aina ya kilevi chenye sumu inayopofusha na kuua, kwa sababu kila Mswahili ninayemwonyesha mtambo huu ananiuliza kama sitapofuka. Hofu hiyo ina msingi: Mei 2014 Kenya ilizika watu zaidi ya 80 waliokunywa pombe yenye methanoli. Lakini shayiri iliyochachuka inatoa methanoli kidogo mno. Sumu inayoua umati kama ule kwa kawaida ni methanoli ya viwandani iliyomiminwa ndani ya pombe na mfanyabiashara anayetaka iwe kali kwa gharama ndogo. Na kumwaga matone ya kwanza hakuwezi kuokoa pombe iliyotiwa kitu kile, kwa sababu methanoli haitoki yote mwanzoni, inatoka mpaka mwisho wa mpiko. Hatari nyingine ni vyombo: rejeta kuukuu ya gari kama kipozeo, viungo vilivyolehemewa kwa madini ya risasi, mapipa yaliyobeba dawa. Mtu anayepika kwa kujificha porini anaokota alichopata. Mimi nilichagua bomba dukani mchana kweupe, nikauliza limelehemewa kwa kitu gani, nikajibiwa. Tofauti hiyo inaniuma kila nikiwakumbuka watu wa kwetu.

Januari tulipita Gore, kusini kabisa, kwenye makumbusho ya Hokonui. Familia ya McRae ilihamia milima ile kutoka Scotland miaka ya 1870 na ujuzi wao wa wiski, na eneo lile lilipopigwa marufuku kuuza pombe, wapishi wakaendelea vichakani huku polisi wakiwasaka. Nilisimama mbele ya ile mitambo ya shaba kwa muda mrefu. Imebonyea, ina viraka, imefichwa na kufukuliwa. Leo iko kwenye kioo na watoto wa shule wanaletwa kuitazama.

Turudi kwenye moyo: chupa 11 nikazizimua mpaka asilimia 62, zikawa lita 3. Pipa dogo la mwaloni sikushauri, kwa ujazo mdogo mbao inazidi na ndani ya wiki chache unakunywa ubao. Natumia dumu la kioo na vijiti viwili vya mwaloni vilivyounguzwa. Kwa sheria ya Scotland wiski hukaa kwenye pipa la mwaloni miaka 3 kwenda mbele, hivyo ya kwangu ya miezi 14 siipi jina hilo mbele ya Mskoti. Rangi yake imefika chai ya rangi. Ukiiongeza maji kidogo inatoa harufu ya kimea kilichoanikwa, ileile ya uani kwa shangazi.

Wiki iliyopita amenitumia picha ya ulezi wake ukiwa juani. Kimea cha ulezi hapa sipati, nimenunua kilo 2 za ulezi mkavu duka la Wahindi na nimeuloweka jana usiku. Leo asubuhi haujachipua bado. Nimeuhamishia sebuleni.