Wasifu wa Siti binti Saad: kitabu kinachostahili kusomwa upya

Shaaban Robert, mwandishi wa kitabu hiki, alikutana na Siti binti Saad miezi michache kabla ya mwimbaji huyo kufariki mwaka 1950, na thamani kubwa ya wasifu huu inatokana na mazungumzo hayo, kwa kuwa ndani yake tunamsikia mwanamke wa Fumba, Unguja, akiyatazama maisha yake yote kwa utulivu.

Siti alizaliwa katika umaskini, akafinyanga vyungu pamoja na mama yake na kuvipeleka mjini kuviuza, kisha mwaka 1911 akahamia mjini, ambako alijifunza kuimba hadi akaalikwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Wapinzani wake walimwimbia nyimbo za kumkejeli sura na asili yake. Naye aliwajibu kwa wimbo. Hapo ndipo ninapomstahi zaidi, maana hakuficha alikotoka na hakuacha kutaka makubwa.

Upungufu ninaouona ni kwamba mwandishi husimamisha masimulizi mara kwa mara ili atoe nasaha, ilhali mimi nilitamani kurasa zaidi kuhusu Siti kama mama na kuhusu gharama ambayo familia yake ililipa kwa ajili ya safari zake. Hata hivyo, lugha ya mwandishi ni safi mno, na kitabu ni kifupi. Ninawashauri waimbaji wa kike wanaoanza kazi wakisome huku wakisikiliza rekodi za Siti zilizosalia.