Basi la asubuhi, Mwembe Tayari (Mombasa) hadi Mokowe (gati ya kuvukia Lamu): nyota tatu, na hoja ya KDF, jeshi letu lililoko Somalia, njia nzima

Nyota tatu kati ya tano. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa mengi nitakayolalamikia yako karibu katika kampuni zote za njia hii na sioni haki mmoja kubeba lawama za wenzake.

Mimi nauza madera na leso Langoni, Lamu. Bidhaa nazichukua Mombasa, kwa hiyo nauli ya basi hili iko ndani ya bei ya kila dera ninalouza. Likichelewa nachelewa mimi, likiharibu mzigo hasara ni yangu.

Tiketi nilikata kwa M-Pesa, shilingi 1,300, na ujumbe wa namba ya kiti ukaingia papo hapo. Hapo hongera zao. Robota, hata hivyo, hulipiwa kando, na bei yake haijaandikwa popote. Kijana wa mizigo hulitazama robota, akakutazama na wewe, kisha akataja anachotaka. Safari hii alitaja mia nne, nikampa mia mbili na hamsini, akalitia kwenye buti juu ya mtungi wa mafuta ya kupikia uliokuwa na kifuniko cha karatasi ya nailoni. Nilimwambia, "Mwanangu, hayo mafuta yatavuja." Akanijibu, "Mama, usijali." Madera saba yalitoka na doa lenye ukubwa wa sahani. Nilipodai fidia nilioneshwa nyuma ya tiketi, kwa maandishi madogo kabisa: mzigo husafirishwa kwa dhamana ya mwenyewe. Nyota ya kwanza ikaondoka na mafuta hayo.

Viti ni vizuri, viwili kwa viwili, na magoti hayagusi kiti cha mbele. Chaja za simu zinafanya kazi upande mmoja. Kiyoyozi kilitufikisha Kilifi kikachoka, madirisha yakafunguliwa, na kusema kweli upepo wa Malindi ni bora kuliko kile kiyoyozi. Dereva ni mtu mzima, hakimbizi gari, hapigi simu akiendesha. Kituo cha chakula ni Minjila: chai ya maziwa nzito, chapati za moto, mbuzi aliyechemshwa hadi mfupa unaachia nyama wenyewe. Choo ni cha kulipia na ni kisafi.

Hadi hapo ni basi kama basi lolote. Baada ya Garsen ndipo huduma inapobadilika. Ukifika Gamba unashuka, wanaume mstari wao, wanawake wao, kila mtu na kitambulisho mkononi. Afande husoma jina, hutazama uso, huuliza unakwenda wapi na kwa nani. Kisha mnasubiri magari yakusanyike ili yasindikizwe na polisi kwa pamoja. Kondakta hawezi kukuambia mtasubiri kwa muda gani kwa sababu hata yeye haambiwi. Siku hii tulisubiri hadi watoto wakaanza kulia na wauza mabuyu wakaishiwa mabuyu.

Kusubiri huko ndiko kunakozaa siasa. Redio ya dereva ilikuwa na mbunge mmoja akisema wakati umefika wa kuwarudisha vijana wetu kutoka Somalia, na mwenzake akimjibu kwamba tukitoka adui atatufuata hadi nyumbani. Basi zima likagawanyika.

Aliyeanza ni kijana wa Mpeketoni, fundi wa sola. Alikuwa mtoto wa shule Juni 2014 pale mji wao uliposhambuliwa na zaidi ya watu 60 wakauawa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kujibu: Al-Shabaab walisema wenyewe wamekuja kwa sababu jeshi la Kenya liko Somalia, halafu Rais Uhuru akatokea kwenye televisheni akasema ni mitandao ya siasa ya hapa hapa. "Sasa sisi tumwamini nani? Aliyetuua au anayetulinda?" Yeye anataka jeshi litoke, litoke jana.

Nyuma yake alikaa mzee aliyestaafu jeshini, shati limepigwa pasi hata katika joto lile. Hakupandisha sauti. Alimkumbusha kijana kwamba jeshi halikuingia Somalia kwa kupenda. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akatekwa. Oktoba mosi Mfaransa mlemavu akachukuliwa kwenye nyumba yake kisiwani Manda, akafia mikononi mwa watekaji. Katikati ya mwezi huo wafanyakazi wawili wa misaada, Wahispania, wakatekwa Dadaab. Siku chache baadaye Linda Nchi, operesheni ya jeshi letu kuingia Somalia, ikatangazwa. "Kiwayu na Manda ni wapi, kama si Lamu yenu hii?" aliuliza. Watu wa Lamu tukanyamaza. Hoteli zilizofungwa miezi ile tunazijua kwa majina, na jamaa zetu waliopoteza kazi tunawajua pia.

Kulikuwa na mwalimu, mwenye miwani, aliyekuwa na kumbukumbu ya kila kitu. Alisema tatizo ni kwamba wanaodai jeshi litoke na wanaodai libaki hubadilishana viti. Raila alikuwa Waziri Mkuu jeshi lilipoingia mwaka 2011. Mwaka 2014, baada ya mkutano wa Saba Saba, muungano wake wa upinzani, CORD, ukaweka kuondoka kwa KDF miongoni mwa madai yake. Ukiwa serikalini unasema tubaki hadi Somalia isimame, ukiwa nje unasema turudi. Akaongeza habari ya Kismayo, mji wa bandari wa Somalia: jeshi letu liliuteka Septemba 2012, kisha wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba makaa yaliendelea kusafirishwa kutoka bandari ile ingawa yalikuwa yamepigwa marufuku. Jeshi lilikana kuhusika. Mzee alikunja uso lakini hakubisha.

Alichobisha kilikuwa kingine, na hapo ndipo nilipomsikiliza hasa, kwa kuwa ndipo sauti yake ilipobadilika. Ni El Adde. Januari 15, 2016 kambi ya Wakenya ilivamiwa alfajiri katika eneo la Gedo, Somalia. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja hadharani wanajeshi 180 au karibu 200 waliouawa. Serikali yetu ikakanusha, na hesabu yake yenyewe haikuitoa. Mzee akalinganisha na Uganda: Mei 2023 kambi yao ya Bulo Marer, huko huko Somalia, ilipovamiwa, Museveni alisema wamekufa 54, na alisema baada ya siku chache tu. "Mimi nataka tubaki," mzee akasema, "lakini huwezi kuniomba nibaki vitani na hesabu ya wafu umeificha. Bunge litapiga kura juu ya nini?" Kijana wa sola akamwambia, "Mzee, hapo tuko pamoja." Walipeana mikono juu ya kiti. Muuza mabuyu akapiga makofi.

Mwalimu, ambaye hakubali jambo liishe, akarudi kwenye Katiba: kifungu cha 240 kinataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje, na mwaka 2011 jeshi lilikuwa limeshavuka mpaka muda mrefu wabunge walipokaa Desemba kupitisha lijiunge na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia. Sasa AMISOM yenyewe imeshakuwa ATMIS Aprili 2022, na AUSSOM tangu Januari 2025. Warundi wamekwisha kuondoka, Wamisri wameahidi kuja, na pesa za kuendesha kikosi hazijulikani zitatoka wapi. "Jina linabadilishwa," alisema, "ili mtu asiulize ni mwaka wa ngapi."

Mimi nilikuwa upande wa kijana. Nimekuwa upande huo tangu Al-Shabaab waliposhambulia chuo kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148 kwa siku moja, wengi wao wanafunzi. Nilidhani jeshi likirudi likawekwa Kiunga, Boni na Ijara, huku upande wa mpakani, eskoti itakwisha na basi langu litafika Mokowe kabla ya adhuhuri.

Aliyenivuruga ni bibi mmoja wa Witu aliyekuwa akichambua mchicha mapajani muda wote. Hakuinua uso. "Nyinyi wanangu mnasema eskoti imeletwa na Somalia. Mimi nimesafiri na askari ndani ya basi njia hii mkiwa hamjazaliwa. Wakati huo walikuwa ni mashifta. Walitushusha hapo Nyongoro, barabara hii hii, wakatuvua hata viatu. KDF haikuwa Somalia. Haikuwa popote." Akaendelea na mchicha wake.

Hakuna aliyemjibu, na mimi bado sijapata jibu. Wabunge wote wawili wa redioni walikuwa wanaiuza barabara hii pamoja na vita: mmoja akisema jeshi likitoka itakuwa salama, mwingine akisema itakuwa salama jeshi likibaki. Miaka ya tisini wenye bunduki waliiteka bila kusubiri sababu ya Somalia. Mwaka 2015 ikaja Linda Boni, operesheni iliyotarajiwa kumalizika kwa siku 90, na msitu wa Boni umeendelea kuwa na askari hadi leo. Mei 2023 serikali ikatangaza kwamba mpaka utafunguliwa hatua kwa hatua, pamoja na upande wetu wa Kiunga. Julai, baada ya mashambulizi, ikaahirisha. Bado nataka jeshi litoke Somalia. Ila mbunge akinijia tena na ahadi kwamba likitoka Nyongoro patalala salama, nitamuuliza polisi wangapi, kambi ipi, na doria usiku wa saa ngapi. Asipokuwa na majibu hayo, basi ameongea habari za Kismayo, si za kwetu.

Tuliondoka Gamba saa saba mchana. Lami ni nzuri sasa, basi halirushi mtu tena kama enzi za vumbi, na hiyo peke yake ni ulinzi: gari linalokwenda halishikiki kama lililokwama. Gari la polisi mbele, malori katikati, basi letu, matatu mbili, na pikipiki moja iliyokuwa inajificha kwenye msafara wetu. Karibu na Lango la Simba kondakta alizima redio bila kuombwa. Kijana wa sola alikuwa amelala, kichwa kimeangukia bega la mzee, na mzee hakujisogeza.

Nyota ya pili naikata kwa taarifa. Najua eskoti si ya kampuni, wala vita si vya kampuni. Lakini kampuni inajua kila siku basi lake linangoja Gamba, na bado tiketi inaandika saa ya kufika kana kwamba barabara ni ya Thika. Waandike ukweli: "Kufika kunategemea eskoti." Mtu apange mashua yake, mgonjwa apange miadi yake, na mimi nimwambie mteja wangu aje kesho. Tulipofika Mokowe foleni ya maboti ilikuwa imejaa, na mwanamke aliyekuwa anawahi kliniki alikuwa ameshapiga simu kuahirisha.

Wanaokwenda mara ya kwanza: chukueni kiti upande wa kushoto, jua la asubuhi linapiga kulia hadi Malindi. Beba kitambulisho chenyewe, maana picha ya simu nimeona ikimkwamisha kijana Gamba hadi dereva akaenda kumwombea. Jaza maji Minjila. Na kama una robota, simama hapo kwenye buti hadi mlango ufungwe, ukiona mtungi wa mafuta mwambie autie upande mwingine, akikuambia usijali, usisogee.